Simu Ikila Chajio, Mbona Ipige Kelele?

 Wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili, nina dukuduku ambalo limenikaa rohoni tangu muhula wa kwanza. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Nimenyamaza vya kutosha, basi leo niachieni nafasi nitoe mshindo wangu.

Najua wenzangu katika kurasa hizi wameandika juu ya mazingira, dawa za kulevya na nidhamu ya wanafunzi wanaochelewa (ambao kwa bahati mbaya nami ni mmoja wao, hasa mvua ikinyesha). Langu ni dogo kwa umbo. Ni ule mlio unaotolewa na simu ya Android pindi unapoichomeka kwenye stima. Ting! Basi, ni huo tu. Maoni yangu ni kwamba mlio huo uzimwe katika kila simu inayochajiwa penye mtu aliyelala. Tena uzimwe wenyewe peke yake, bila kuinyamazisha simu nzima. Mambo haya mawili yanafanana kama shilingi kwa ya pili, lakini mimi niliyachanganya, na kwa kuyachanganya nusura niipokonye familia yetu riziki. Ndiyo sababu naandika.

Kwanza niwaondolee shaka wale wenye kushuku. Simu haziruhusiwi hapa shuleni, na mimi siji na simu. Ninayoizungumzia ni ya Baba, nayo hukaa nyumbani. Pia najua wapo wanaopenda kusema "rununu" na wapo wanaoshikilia "simutamba". Mwalimu mlezi wetu atachagua alipendalo. Mimi nitaandika "simu" ili Mama naye akisoma asikwame. Lakini neno "chaji" nimeliacha lilivyo, maana kila nikilisikia nakumbuka chajio, kile chakula cha jioni, nacho huniletea swali. Ni nani aliyewahi kumwona mtu mwenye adabu zake akiketi kula, kisha akapiga kengele kuwajulisha majirani kwamba tonge la kwanza limeingia kinywani?

Sasa nije nyumbani kwetu. Tunaishi katika chumba kimoja cha mabati kwenye ploti ya vyumba kumi na viwili, si mbali na eneo la viwanda hapa Nairobi. Chumba kimegawanywa kwa pazia. Upande wa mlango kuna kochi, jiko na vyombo. Upande wa ndani kuna kitanda cha wazazi. Soketi ya stima ni moja tu, na aliyejenga nyumba hiyo aliiweka, sijui kwa nini, juu kidogo ya mahali ambapo Baba huweka kichwa akilala. Kwa hivyo anayetaka kuchaji simu, kupiga pasi sare ya shule au kuwasha redio, sharti apitie juu ya kichwa cha Baba.

Baba ni mlinzi wa usiku, yule ambaye mtaani tunamwita soja. Anaingia kazini saa kumi na mbili jioni na kutoka saa kumi na mbili asubuhi. Huenda na kurudi kwa miguu ili nauli ibaki. Akifika nyumbani yapata saa moja na nusu, sisi tumekwisha kwenda shule. Anakunywa chai, anavuta pazia, analala mpaka saa nane hivi. Siku za juma hana shida, maana Mama huwa kwenye meza yake ya mboga na nyumba iko kimya. Shida ni Jumamosi, Jumapili na likizo, watoto wanne tukiwa ndani.

Wengi wenu mnadhani kulala mchana ni uvivu, au ni jambo rahisi kama kulala usiku. La hasha! Mwili wa binadamu una saa yake ya ndani inayofuata mwanga wa jua, na mtu alalaye mchana anapigana na saa hiyo. Usingizi wake huwa mfupi na mwepesi. Juu ya hayo mabati yanapata moto, watoto wanacheza nje, na yule mwuza maji anapita na mkokoteni akiita. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba za usingizi. Baba hukaribia kuzipata Jumanne na Jumatano. Jumamosi, kwa sababu yangu, alikuwa hazipati.

Simu yake ndiyo ya pekee nyumbani yenye intaneti. Ya Mama ni mulika mwizi, ina tochi na vibonyezo basi. Kwa hivyo Jumamosi asubuhi Baba akilala, mimi huichukua simu yake nikasoma maswali ya mitihani iliyopita. Simu yenyewe ni ya mkono wa pili na betri yake imezeeka, haiwezi kukaa saa moja bila kuchomekwa. Isitoshe, tundu lake la chaji limelegea. Ukigusa waya kidogo tu, stima inakatika. Ukiuachilia, stima inarudi. Na simu haijui kwamba ni waya uleule, ni chaja ileile, ni mkono uleule wa kijana yuleyule. Kila mara stima inaporudi, inajiona imechomekwa upya, na inatangaza. Ting!

Jumamosi moja mwezi wa Februari nilikuwa nikisoma hesabu za moli katika Kemia, nimeketi sakafuni kando ya kitanda kwa sababu waya haufiki mbali. Ting! Baba akajigeuza. Nikashika waya kwa vidole viwili usicheze. Nikataka kuandika, nikauachilia. Ting! Baba akauliza, "Nani huyo amepiga?" Nikamwambia hakuna mtu, lala tu Baba. Baada ya dakika kumi, ting! Akaketi kitandani, akanyoosha mkono. "Lete nione, huenda ni msimamizi." Alitazama kioo, akaona hakuna kitu, akanirudishia. Hakunikemea. Lakini usingizi ulikuwa umekwenda zake, na jioni aliondoka akiwa na macho mekundu kama pilipili.

Hapa ndipo nataka kuwajibu wale waliocheka nilipolileta jambo hili katika mjadala wetu wa Ijumaa. Mmoja alisema, "Kelele gani hiyo? Kwani huko kwenu matatu hazipigi muziki?" Zinapiga sana. Barabara iko karibu, na ukuta wa mabati hauzuii kitu. Baba hulala matatu zikipita na jirani akigonga misumari. Ni kwa sababu kelele hizo hazimwiti. Muziki wa matatu haumtaki afanye lolote. Lakini sauti ya simu yake ni sauti inayomwita yeye. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, mlio mfupi wa simu katika nchi hii huenda ukawa pesa zimeingia, au mtu nyumbani ni mgonjwa, au kazini kuna mabadiliko. Baba hulala sikio moja likiwa macho kwa ajili ya sauti hizo. Kisha simu inamwamsha, anakuja mbio kutoka usingizini, na habari anayopewa ni kwamba waya umeingia. Hiyo ni sawa na mtu kukubishia hodi usiku wa manane, ukafungua mlango, akakuambia, "Hakuna neno, nilikuwa nikijaribu kubisha."

Tena tazameni mlio huo unamfaa nani. Aliyechomeka simu anaiona kwa macho yake. Kioo kinawaka, alama ya radi inatokea kwenye betri. Yeye hahitaji kuambiwa. Asiyeiona ni yule aliyelala, naye hakuuliza.

Basi baada ya siku ile nilifikiri nimepata dawa. Jumamosi iliyofuata, Baba alipolala tu, niliiweka simu katika hali ya kimya. Nikachomeka, nikachomoa, nikachomeka tena. Kimya! Nilifurahi kama aliyevumbua jambo. Nilisoma mpaka saa tano, kisha Mama akaniita nikamsaidie kubeba magunia. Niliiacha simu chini ya mto na kwenda zangu.

Msimamizi wa Baba alipiga saa tano na nusu. Akapiga tena. Kwa jumla alipiga mara nne. Alitaka kumwambia kwamba usiku ule asiende kwenye lango lake la kawaida, aende bohari nyingine ambako mlinzi alikuwa ameugua. Baba aliamka saa nane, akaoga, akala, akaondoka. Hakutazama simu kwa sababu haikuwa imelia, na kwake simu isiyolia ni simu isiyo na neno. Alifika kwenye lango lake la siku zote, akamkuta mwenzake amekwisha kuwekwa pale. Walipompeleka kule alikotakiwa, bohari lilikuwa limekaa saa moja na nusu bila mlinzi.

Jumatatu alirudi na barua ya onyo. Iliandikwa kwa Kiingereza, na mimi ndiye niliyemsomea. Ilisema kosa likirudiwa, hakuna kazi. Nilipofika kwenye neno lile sauti yangu ilikwama, nikajifanya nakohoa. Nikamweleza Baba yote, kwamba ni mimi niliyeinyamazisha simu. Nilingoja kipigo. Baba aliikunja barua mara nne, akaitia katika ule mfuko wa plastiki unaokaa vyeti vyetu vya kuzaliwa, akaurudisha juu ya kabati. Kisha akasema, "Basi sasa iache ilie. Heri nisilale." Nawaambia kweli, afadhali angenichapa.

Kwa majuma mawili simu ililia apendavyo Mungu. Stima ikipotea na kurudi usiku, ting! Baba akiwa nyumbani zamu yake ya mapumziko, ting! Na kwa kuwa ploti nzima ina stima moja, ikirudi saa nane za usiku unasikia simu za vyumba vyote zikiamka moja baada ya nyingine, ting, tong, prrr, kama vyura baada ya mvua. Kitoto cha jirani huanza kulia, na kikilia kimoja, wote tumeamka. Mwaka 2016 wataalamu wa usingizi wa Marekani walitoa ushauri kwamba vijana wa miaka kumi na mitatu hadi kumi na minane walale saa nane hadi kumi kila siku. Mimi huamka saa kumi na moja alfajiri nije shule. Pigeni hesabu wenyewe, kisha mjue kwa nini kuna watu wanaosinzia katika kipindi cha mwisho, na msiwaite wavivu wote.

Baba alimpelekea fundi wa simu pale stendi. Fundi huyo aliitazama kidogo, akasema mlio huo uko ndani ya mashine, hautoki mpaka programu zote zifutwe na kutiwa upya. Shilingi mia tano. Tena namba zote za watu zingepotea. Baba alikuwa tayari kulipa mwisho wa mwezi. Nikamwomba anipe usiku mmoja.

Sikuwa na ujanja wowote. Nilichofanya ni kuibadili lugha ya simu iwe Kiswahili, jambo ambalo sote tungelifanya kama kweli sisi ni wanachama. Simu za Android zina Kiswahili ndani yake, lakini wengi wetu hatujui, au tunaona haya. Palipokuwa na maneno niliyozoea kuyaruka pakatokea Mipangilio. Nikafungua. Nikapita chini mpaka penye sauti, nikafungua. Palikuwa na mambo mengi ambayo sikujua kwamba yanatenganishwa: sauti ya muziki, sauti ya simu inapopigwa, sauti ya kengele ya kuamsha. Nikashuka mpaka chini kabisa, na huko chini, kama kuku aliyejificha nyuma ya debe, palikuwa na mstari unaotaja sauti za kuchaji, na kando yake swichi ndogo. Nikaigusa ikazimika. Nikachomeka. Kimya. Nikamwambia Mama apige kwa mulika mwizi wake, na simu ya Baba ikalia kwa nguvu zake zote. Ilinichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Bila malipo, bila kufuta kitu.

Jambo hilo ndilo linaloniudhi zaidi ya yote. Simu za Android zilianza kuuzwa mwaka 2008, kabla mimi sijazaliwa. Siku hizi zinamtambua mtu kwa uso na kwa alama ya kidole. Siku ya kwanza unapoiwasha simu mpya inakuuliza maswali chungu nzima: lugha gani, intaneti gani, jina lako nani, neno lako la siri ni lipi. Mbona haiulizi, "Nikichomekwa nilie au ninyamaze?" Ni swali la mstari mmoja. Lakini katika simu nyingi wameliamua wao kwa niaba yetu, iliapo ilie, na swichi wakaitupa chini kabisa mahali ambapo soja aliyechoka hatafika. Nadhani waliotengeneza wana nyumba zenye chumba cha kulala na chumba cha kuchajia. Hawakumfikiria mtu ambaye soketi yake iko juu ya mto.

Hata hivyo lazima niseme ukweli wote, hata ule unaoniumbua. Likizo ya Aprili nilikwenda Kitui kwa nyanya yangu, ambaye sisi humwita Susu. Nilikuwa nimejaa ufundi. Njiani nilizima mlio katika simu ya kondakta na ya abiria mmoja, wakanishukuru. Nilipofika kwa Susu, hata kabla sijapewa maji, nilikuwa nimeishika simu yake, ambayo shangazi alimwachia, nikazima mlio wa chaji. Sikumwuliza.

Kwa Susu hakuna stima. Kuna kipande cha sola juu ya bati na waya unaoshuka mpaka dirishani. Macho yake yana mtoto wa jicho, na ile alama ya radi kwenye betri kwake ni ukungu mtupu. Siku ya pili aliweka simu dirishani asubuhi kama kawaida yake. Jioni alipotaka kumpigia shangazi, ilikuwa imekufa kabisa. Waya haukuwa umeingia vizuri. Alikaa nayo kutwa nzima akidhani inakula.

"Wewe kijana," akaniambia, "simu yangu umeinyima mdomo?"

Kisha akanieleza. Akichomeka husikiliza. Isipolia, anaugeuza waya na kujaribu upande wa pili. Wingu likilifunika jua, simu huacha kula; jua likitoka, hulia tena, naye akiwa huko jikoni anajua kwamba sasa jua limerudi na anaweza kuanika mtama. Mlio ule uliomwibia Baba usingizi, kwa Susu ni jicho. Nilirudisha swichi mbele yake, akachomeka mwenyewe, ikalia, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Hata pale sokoni kwao, penye kibanda cha kuchajia simu za watu kwa malipo, niliona kila mteja akingoja asikie mlio ndipo aondoke. Ni kama risiti.

Kwa hivyo ndugu zangu waliosema katika mjadala kwamba mlio huo haufai popote, mimi siko upande wenu tena. Na wale waliosema ni upuuzi wa watu wanaopenda kulalamika, siko kwenu pia. Ninachosema ni kwamba swichi ipo, na mwenye kuigusa awe ni mwenye simu au aliyemwuliza mwenye simu. Nyumba ya chumba kimoja, penye mtoto mchanga, mgonjwa, au mtu wa kazi ya usiku, uzimwe bila mjadala. Penye mtu asiyeona vizuri, uachwe.

Sasa niwape njia, maana maneno matupu hayavunji mfupa. Fungua Mipangilio, ingia penye sauti, au sauti na mtetemo, ushuke mpaka chini. Katika simu nyingi swichi iko hapo. Katika Samsung imefichwa hatua moja zaidi, ndani ya sauti za mfumo, pamoja na sauti ya kugusa kioo na ile ya kufunga simu. Tafuta inayohusu kuchaji, uizime hiyo tu. Usipoiona, juu ya Mipangilio mna alama ya kioo cha kukuzia. Iguse, andika "chaji", na kama simu yako inasema Kiingereza andika neno la Kiingereza, ikuletee yenyewe. Ukimaliza, jaribu kwa kuchomeka mara mbili huku sauti ya simu ikiwa juu, kisha mwambie mtu akupigie. Kujaribu huku kwa pili ndiko nilikokosa mimi mwezi wa Februari.

Zipo simu ambazo hazina swichi hiyo hata utafute namna gani. Hapo tumia hali iitwayo Usinisumbue, ambayo inakuruhusu kuchagua watu ambao wakipiga, simu italia. Weka msimamizi, weka Mama, weka jirani mmoja. Msiweke kimya cha jumla, nawasihi.

Na kama simu yako inalia kila dakika kama yetu, jua kwamba mlio si ugonjwa, ni dalili. Ugonjwa uko kwenye tundu. Huingia vumbi na nyuzi za mfukoni, zikajishindilia mpaka waya haufiki mwisho. Zima simu kabisa, uchokoe polepole kwa kijiti kikavu cha kuchokolea meno. Usitumie sindano wala pini ya chuma. Kutoka kwenye tundu la simu ya Baba nilitoa uchafu wa kutosha kujaza kifuniko cha kalamu, na tangu siku hiyo waya unakaa. Fundi wa mia tano hakutaja hilo. Labda alisahau.

Mimi na Baba hatujazungumza tena juu ya ile barua. Iko palepale juu ya kabati, na zamu yake bado ni ileile. Jumamosi iliyopita alilala kuanzia saa mbili hadi saa tisa kasorobo, simu ikila stima sentimita chache kutoka sikioni mwake, nami nikiwa sakafuni na hesabu zangu za moli, ambazo bado zinanishinda. Saa sita msimamizi alipiga. Ilia ililia, Baba akaamka, akasema "Ndiyo mkubwa" mara mbili, akalala tena.

Atakayekwama na ya kwao anione nje ya maktaba wakati wa chakula cha mchana. Asije na simu, tusipelekwe sote kwa naibu wa mwalimu mkuu. Aje na jina la simu ameliandika kwenye karatasi, na aniambie ni nani nyumbani analala mchana.